Nilivyohesabu Pumzi za Hooyo

Kikombe chenyewe ni kifuniko tu cha thamosi, chekundu, cha plastiki, na thamosi yake haipo tena. Nilikikuta chini kabisa ya sanduku la bati la mama yangu siku tulipogawana vitu vyake, kimefungwa ndani ya kitambaa chake cha kichwa, kikinuka uunsi, ule ubani wetu wa jioni ulioingia katika kila kitu alichowahi kukigusa. Binti yangu, ambaye akishika ufagio hana huruma na mtu, alikiinua kwa vidole viwili akauliza kama ni cha kutupa. Nilimnyang'anya. Nilimnyang'anya kwa nguvu hata akashtuka, nikalazimika kumwomba radhi, kisha nikakaa juu ya kitanda cha Hooyo nikijaribu kupumua kama nilivyofundishwa.

Hooyo ndivyo tunavyomwita mama kwa Kisomali, na mama yangu sikuwahi kumwita vingine. Nilikuwa darasa la nne, Garissa, mwaka ambao nilijifunza kuogopa. Kabla ya hapo nilijua kuogopa fimbo ya duksi, chuo chetu cha Kurani, na mbwa wa majirani, lakini hizo ni hofu za kwenda na kurudi. Hii niliyoipata mwaka ule ilikuja ikakaa, nikala nayo na kulala nayo.

Baba alisafirisha mifugo kwa lori kutoka Habaswein na ng'ambo yake hadi soko la Garissa. Wa rika langu wanaikumbuka barabara ile. Magari yalisubiriana yaondoke kwa msafara, askari mbele na askari nyuma, na aliyeharibikiwa njiani aliombewa dua akaachwa. Safari moja gurudumu la lori la Baba lilipasuka, msafara ukaenda zake, na majambazi wakamkuta kabla hajamaliza kulifunga lingine. Hayo ndiyo niliyoambiwa, na hadi leo sijui zaidi. Alizikwa kulekule siku ileile. Sisi tuliletewa habari tu, na Hooyo akavaa nguo nyeupe za eda, akaingia ndani ya ua wetu kuanza kuhesabu miezi minne na siku kumi. Ayeeyo, mama yake Baba, aliyekuwa akikaa nasi, alitandika mkeka wake mlangoni kabisa, kana kwamba habari mbaya nyingine ikija itabidi imruke yeye kwanza.

Wiki ya tatu ndipo shida ya Hooyo ilipoanza. Alikuwa akipepeta mchele. Aliweka ungo chini, akashika kifua, akaanza kuvuta pumzi fupi fupi, za harakaharaka, moja juu ya nyingine, macho yameganda kwenye ukuta. Midomo ilibadilika rangi. Vidole vya mikono vilijikunja vyenyewe, havikunjuki hata ukivivuta. Ilidumu muda wa chai kuchemka, kisha ikaondoka ikamwacha amelowa jasho kama aliyetoka kisimani. Kesho yake ikarudi. Baada ya hapo haikukosa siku mbili mfululizo, na mimi nikaacha kwenda kucheza, kwa sababu niliogopa nikirudi nitakuta watu wamejaa uani.

Ayeeyo alimpeleka hospitali, akanichukua mimi nibebe maji ya kunywa. Daktari alikuwa mtu wa bara, mpole, aliyechoka. Alimsikiliza Hooyo kifua na mgongo, akasema moyo ni mzima na mapafu ni mazima, huyu mama ana hofu na huzuni, apumzike. Ayeeyo hakuridhika. Kiswahili chake alikiokota sokoni, na alipokasirika kilizidi kuwa chake peke yake, kila p ikageuka b.

"Daktari, hofu nashika mtu hapa kwa shingo? Hii mtoto yangu nabumua mbaya. Kifua nabanda, nashuka, nabanda. Wewe bima tena!"

"Nimepima, bibi."

"Bima tena!"

Alipima tena, maskini, akatoa vidonge vya kumsaidia kulala. Tulirudi nyumbani na vidonge vyetu, na kesho yake saa tatu asubuhi Hooyo akashikwa tena.

Sasa nifike kwa maalimu wetu wa duksi. Nataka ieleweke kwamba alinitakia mema. Aliniona nimekaa na ubao wangu wa kuandikia bila kusoma, akaniita mbele, akanishika kichwa. Aliniambia nisilie, kwa sababu Baba hakupunguziwa chochote. Kila mja, alisema, ameandikiwa pumzi zake kabla hajazaliwa. Haiongezwi moja wala haipunguzwi moja. Za baba yako zilitimia, basi. Mtu mzima angeondoka pale amefarijika. Mimi niliondoka nimepata hesabu.

Kwa akili ya mtoto wa miaka kumi mambo yalijipanga vizuri mno. Kama kila mtu amepewa pumzi zake kwa idadi, basi anayezitumia haraka zitamwishia haraka. Na Baba alikuwa mtu wa kutumia pumzi! Alicheka kwa sauti, alipiga mbinja kuwaita mbuzi, alikoroma hadi bati likaitikia. Zaidi ya yote alipuliza chai. Kila alipokuwa nyumbani alimimina chai ya maziwa kwenye kifuniko chekundu cha thamosi yake, akakishika kwa mikono miwili, akapuliza polepole, pumzi ndefu, mara nyingi kuliko ilivyohitajika, huku akitutazama juu ya ukingo. Ayeeyo alimkemea kila siku kwamba si adabu ya dini kupulizia kinywaji. Yeye alicheka akapuliza tena. Nilipoyakumbuka hayo nikaona wazi kabisa kwamba baba yangu alizimalizia pumzi zake kwenye chai.

Na sasa Hooyo. Nilichukua tasbihi ya Ayeeyo nikawa nakaa karibu naye akishikwa, nikisogeza punje moja kwa kila pumzi. Tasbihi yote tisini na tisa ilikwisha kabla sijamaliza kusema moyoni sura tatu fupi. Kwa mwendo ule, nilijiambia, hatafika mwisho wa eda.

Nilianza kubana matumizi. Zangu kwanza, maana labda kulikuwa na namna ya kumpa. Nilikataa kukimbia kwenye michezo shuleni, nikachapwa. Nilikataa kupuliza makaa ya jiko. Nilipepea kwa kipande cha katoni hadi mkono ukafa ganzi, na Ayeeyo akaniuliza kama mdomo wangu umeolewa ukahamia kwingine. Nilitembea kutoka duksi hadi nyumbani nikibana pumzi kutoka nguzo moja ya umeme hadi nyingine. Siku moja nilianguka barabarani, mwenye mkokoteni wa punda akanimwagia usoni maji aliyokuwa akiwapelekea watu, na hata pale chini nilichofikiria ni kwamba nimeweka akiba pumzi arobaini hivi.

Habaryar Shukri alikuja likizo ilipoanza. Habaryar ni mama mdogo; huyu alikuwa mdogo wake Hooyo wa mwisho, na alikuwa amesomea uuguzi India miaka kadhaa. Alirudi na koti jeupe, raba za miguuni ambazo Ayeeyo alizitazama kwa mashaka, na mazoezi aliyofundishwa huko na bibi mmoja jirani. Aliyaita yoga mara moja tu mbele ya Ayeeyo. Ayeeyo aliuliza yoga ni nini, na ni nani, na ni wa dini gani. Habaryar akasema ni mazoezi ya kupumua na kunyoosha mwili, ya hospitali, na neno lile hakulirudia tena ndani ya ua wetu.

Alimfundisha Hooyo baada ya swala ya alfajiri, kabla joto halijaamka. Alitandika mikeka miwili uani, na baada ya siku chache ikawa mitano, maana majirani watatu walijileta wenyewe, mmoja akidai mgongo, mmoja usingizi, mmoja hakudai chochote. Aliwaketisha migongo imenyooka, mkono mmoja juu ya tumbo.

"Abaayo, usivutie kifuani," alimwambia Hooyo. Abaayo ni dada. "Kifuani ni sebuleni tu. Ingiza hadi ndani. Mkono wako uinuke. Moja, mbili, tatu, nne. Sasa toa, polepole kuliko ulivyovuta. Hadi sita."

"Sita siwezi."

"Jana hukuweza tano."

Mimi nilijificha nyuma ya pipa la maji na tasbihi, nikasogeza punje. Nilitaka kupiga vigelegele. Muda ambao Hooyo angemaliza tasbihi nzima sasa alitumia punje kumi tu! Habaryar alikuwa ameligundua lile lile nililoligundua mimi, na alikuwa amekuja kumfundisha dada yake kubana. Nilimpenda mpaka nikamwibia Ayeeyo tende nikampelekea. Hooyo alianza kumaliza siku tatu bila kushikwa, halafu nne. Asubuhi moja nilimsikia akimcheka jirani aliyeshindwa kuinua miguu juu ya ukuta, na kicheko kile kilinifurahisha na kuniudhi kwa pamoja, kwa sababu kilikula pumzi.

Halafu siku moja Habaryar akabadilisha somo. Alisema sasa wameiva, atawaonyesha lile linaloamsha mwili. Alikaa, akaanza kusukuma pumzi nje kwa tumbo, kwa nguvu, fu, fu, fu, fu, kama viriba vya mhunzi. Wanawake wakamfuata. Hooyo akamfuata. Punje zangu zilinipita vidoleni, nikapoteza hesabu, nikaanza upya, nikapoteza tena. Nilimwona Hooyo amebadilika uso, amefumba macho, bega linapanda, na Habaryar anasema, "Vizuri, endelea, thelathini nyingine." Thelathini nyingine! Mtu niliyempelekea tende alikuwa anazimwaga pumzi za mama yangu chini kama maji ya kuoshea vyombo, na mama yangu anamtii.

Sikuwa na la kumwambia Hooyo. Nani angenisikiliza kuhusu hesabu yangu? Lakini nilimjua Ayeeyo, na nilijua ni neno gani lingemwinua kwenye mkeka. Wanawake wale walikuwa wakikaa wakitazama mashariki, kwa sababu upande wa magharibi kulikuwa na zizi la mbuzi na kusini kulikuwa na choo, na kaskazini, kwenye kibla, Habaryar mwenyewe alisema tuiachie swala. Basi jua lilipochomoza liliwakuta usoni. Na kulikuwa na zoezi moja la kupiga magoti na kulaza paji la uso chini, mikono mbele, la kupumzisha mgongo.

"Ayeeyo," nilisema, "Habaryar anawafundisha kina Hooyo kulisujudia jua."

Aliacha kusaga iliki. "Nani kakwambia?"

"Nimeona."

"Kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu."

"Sema wallahi."

Nilijua sivyo. Hapo ndipo ninaporudi kila mara ninapotaka kujitetea, na utetezi hauji. Nilijua walikuwa wakinyoosha migongo. Nilifikiria fu, fu, fu, na thelathini nyingine, na nikasema wallahi.

Ayeeyo hakupaza sauti, ingekuwa afadhali. Aliingia uani asubuhi iliyofuata, akakunja mikeka mmoja baada ya mwingine, akaisimamisha ukutani. Alimwambia Habaryar kwamba mwanawe hajamaliza hata miezi mitatu kaburini, na nyumba yake haitageuzwa hekalu la Wahindi. Habaryar alisema, "Ayeeyo, nani amekuambia hivyo?" Ayeeyo akasema aliyemwambia ameapa. Hooyo alisimama katikati na nguo zake nyeupe, akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. Mjane hajibizani na mama wa marehemu mumewe. Habaryar alifunga begi lake na raba zake, na kabla ya wiki kwisha tukasikia amechukua kazi kwenye kliniki ya kambi ya wakimbizi, Dagahaley.

Nilidhani nimemwokoa mama yangu. Nililala usiku ule kama mtoto mchanga.

Siku ya tatu alishikwa. Siku ya nne mara mbili. Alijaribu peke yake, mkono juu ya tumbo, lakini alikuwa akimtupia Ayeeyo jicho kila mara, na hesabu ikamvunjikia kwenye mbili. Majirani hawakuja tena, ila yule asiyedai chochote, ambaye alipita mara moja akachungulia langoni kisha akaondoka. Hooyo alikonda. Ayeeyo alileta maji yaliyosomewa, akamnywesha na kumpangusa uso, na maji yale yalimtuliza kwa saa moja au mbili. Mimi nilirudi kwenye tasbihi yangu. Tisini na tisa, tena tisini na tisa. Nilianza kuelewa kwamba nimekosea mahali, lakini sikuweza kuona ni wapi.

Ilikuwa Ijumaa mchana, wanaume wako msikitini, mtaa umenyamaza. Ayeeyo alikuwa amekwenda kumtazama jirani aliyejifungua. Mtu alibisha hodi. Kwa kuwa Hooyo yuko eda na asingeweza kuonana na mwanamume wa kando, nilitoka mimi. Alikuwa mzee wa makamo, mavumbi hadi kwenye nyusi, ametoka Habaswein. Hakuingia. Alinipa mfuko wa nailoni, akaniambia ni vitu vya marehemu vilivyobaki ndani ya lori, akaniombea, akaharakisha kuiwahi swala.

Ndani mlikuwa na shuka lake la safari, jozi ya ndara, na thamosi.

Nilipaswa kuuweka mfuko mpaka Ayeeyo arudi. Nilimpelekea Hooyo. Aliitoa thamosi, akaishika mapajani muda mrefu, kisha akafungua kifuniko chekundu na kizibo, akanusa. Chai ilikuwa imekaukia mle ndani, imechacha, lakini iliki ilisikika bado. Hata mimi niliisikia pale nilipokuwa nimesimama. Ilinuka Baba.

Thamosi ilimtoka mkononi ikaanguka, kioo cha ndani kikavunjika kwa mlio mdogo. Halafu akashikwa. Sijawahi kuona kama vile, kabla wala baada. Hakukuwa na nafasi kati ya pumzi na pumzi. Vidole vilijikunja vikawa kama kucha za ndege, akateleza kutoka kwenye kiti hadi sakafuni, na macho yake yakanitafuta mimi. Nilipiga kelele kuita watu. Mtaa mzima ulikuwa msikitini au umelala. Nilitoa tasbihi kwa mazoea, nikasogeza punje tatu, nne, nikaitupa ukutani.

Kulikuwa na neno moja la Habaryar ambalo nilikuwa nimelikataa. Siku za mwanzo kabisa, Hooyo aliposema hawezi kutoa hadi sita, Habaryar alimwambia, "Toa kama unapuliza chai ya moto. Usiimwage, ipoze tu." Nilipolisikia nyuma ya pipa nilifunga masikio, kwa kuwa kupuliza chai ndiko kulikomuua Baba. Sasa kifuniko chekundu kilikuwa kimebingirika hadi miguuni pangu.

Sikushawishika. Natamani niseme kwamba niligundua ukweli pale, lakini sikugundua. Niliamini bado kwamba nikimwambia apulize ninamwambia azimalize pumzi zake. Ila nilikuwa nimeona kwa macho yangu, safari hii kweli, kwamba asipopuliza atakufa mbele yangu. Niliokota kifuniko, nikapiga magoti, nikakishika kwa mikono miwili chini ya mdomo wake kama Baba alivyokuwa akikishika.

"Hooyo, puliza. Chai ya Baba hii, ni moto. Puliza."

Alitikisa kichwa.

"Puliza, Hooyo! Zikikuishia utachukua zangu. Nimekuwekea. Ninazo nyingi, wallahi ninazo, nimekuwekea!"

Sijui alisikia nini kati ya hayo. Midomo yake ilijikusanya, ikatoa kipande cha pumzi, fupi, iliyokatika. Nikahesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Ikakatika. Tena. Moja, mbili, tatu. Nilikuwa nalia na kuhesabu, na makamasi yananiingia mdomoni. Tuliendelea hivyo mpaka tukafika nne, mpaka tukafika tano, mpaka vidole vyake vikaanza kukunjuka kimoja kimoja na akaweza kukishika kile kifuniko mwenyewe. Tulipofika sita sikuacha kuhesabu. Nadhani nilihesabu mpaka watu wakaanza kurudi kutoka msikitini.

Alipopata sauti aliuliza, "Umeniwekea nini?"

Nilimwambia yote. Maalimu, Baba na chai, nguzo za umeme, tasbihi, fu fu fu, jua, na wallahi. Niliposema kuhusu kiapo uso wake ulifungika, nikajua kwamba hapo sitapona kwa machozi. Kwanza lakini alijibu lile la pumzi.

"Nimo," aliniita kwa jina langu, "pumzi si unga, hazitiwi kwenye debe. Zimehesabiwa, ndiyo. Aliyezihesabu alikuomba umsaidie?"

"Hapana."

"Basi kimbia shuleni, na upulize makaa ya watu." Akavuta pumzi, akaitoa. "Na Ayeeyo akija utamwambia. Wewe mwenyewe, kwa mdomo uleule."

Nilimwambia, nikiwa nimesimama kando ya mlango tayari kukimbia. Ayeeyo hakunichapa. Alikaa akiutazama ule mfuko wa vitu vya mwanawe, akalikunja shuka, akalikunjua, akalikunja tena. Kisha akasema kiapo cha uongo hakiachwi hivi hivi, hata cha mtoto. Alinifungisha siku tatu, nusu siku kila moja kwa sababu ya umri, na siku zote tatu alifunga nami, kutwa nzima, kwa sababu alisema yeye ndiye aliyeniambia niape. Siku ya pili alitoka akamtafuta dereva wa gari la maji linalokwenda Dagahaley, akamtuma ujumbe. Sikujua aliagiza maneno gani. Habaryar alikuja Alhamisi.

Mikeka ilishuka kutoka ukutani. Ayeeyo alisimama akaamua mwenyewe itazame wapi: si kibla, si jua, wala si choo. Ikageuzwa magharibi, na tangu siku hiyo wanawake wa ua wetu walipumua wakitazama zizi la mbuzi, na mbuzi wakawatazama wao. "Hakuna atakayesema tunaabudu mbuzi," Ayeeyo alisema. Yeye alikaa kwenye kigoda chake kando, akasema amekuja kuhakikisha tu hakuna upuuzi. Nilimwona mkono wake juu ya tumbo, chini ya shuka, ukiinuka na kushuka.

Somo la fu fu fu halikurudi. Miaka mingi baadaye, nikiwa mama mwenyewe, Habaryar aliniambia kwamba lile alikosea. Mtu mwenye hofu ya kifuani hafundishwi kuharakisha, na yeye wakati ule alikuwa kijana anayetaka kuonyesha alichojua. "Ulikuwa nusu sahihi," alisema, akacheka. Sikuweza kucheka naye. Hofu ya Hooyo haikwisha kabisa pia, nisije nikadanganya. Ilimtembelea mpaka uzeeni, siku za habari mbaya, au gari likichelewa. Lakini alikuwa na kifuniko chake. Alikishika kwa mikono miwili, kitupu, akakipuliza, na sisi tukijua tumwache.

Mwezi uliopita, siku yake ya mwisho, tulikuwa naye nyumbani. Ilikuwa asubuhi, dirisha liko wazi, na ni pumzi za kawaida tu zilizomwishia, bila kushikwa, bila hofu. Mwenye hofu nilikuwa mimi. Alinitazama, akanijua. Midomo yake ikajikusanya. Nilikimbilia sandukuni, sikukiona kifuniko kwa haraka niliyokuwa nayo, nikarudi nikaikusanya mikono yangu miwili chini ya mdomo wake. Alipuliza. Nikahesabu kwa sauti ili asiwe peke yake. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Nilihisi joto la pumzi ile viganjani.

Nikasubiri avute. Nikafika saba, nane, tisa, na mikono yangu bado iko palepale.